Okidi Isiyoangusha Maua

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nimeifanya miaka thelathini na miwili katika chumba cha nyuma cha kliniki, chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Daktari hukaa mbele na feni yake na kiti chake cha kulaza wagonjwa. Mimi hukaa nyuma na jasi, nta, sufuria ya kuchemshia na makopo ya plastiki ya rangi ya ufizi. Wateja hawanijui. Watu wanatafuna kwa kazi ya mkono wangu, wanacheka harusini kwa kazi ya mkono wangu, na wakitoka wanamshukuru Daktari. Nalisema hili mapema usije ukaniuliza baadaye ilikuwaje. Tangu nianze kazi sijawahi kushika kitu kinachohitaji kuwa hai, na mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa okidi aitunze.

Aliyenipa ni binti yangu, mwanangu wa pekee. Yeye ni mpima ardhi, anafanya kazi mji mwingine, safari ya kutwa kwa basi. Mama yake alipofariki alikaa nami mpaka likizo yake yote ikaisha, na wiki ile ya mwisho ikaingia barua aliyokuwa akiiota tangu chuoni: kazi ya kupima njia ya reli mpya, nchi ya mbali, ndege mbili kwenda, mkataba wa miaka mitatu. Reli yenyewe ilikuwa bado inasubiri vibali, kwa hiyo wakampa miezi mitano ya kujibu. Akaisoma barua, akaikunja, akasema haendi.

"Siwezi kukuacha peke yako, Baba."

Nikajipiga kifua. Nikamwambia mimi ni mtu mzima, najua kupika, najua kufua, najua bili ya umeme inalipwa wapi. Akaligeukia sinki lililojaa vyombo, akafungua bomba, akaanza kuosha. Kesho yake asubuhi alitoka kidogo, akarudi na okidi: shina refu lililofungwa kwenye kijiti, majani manne manene, na maua matano ya rangi ya waridi yenye vimishipa vyekundu. Akaiweka dirishani sebuleni. Akasema niitunze hiyo. Akiona nimeweza, atasaini. Nilicheka, nikaipokea kama mtu anayevishwa nishani.

Lazima ujue jambo moja: nilitaka aende. Nilitaka kuliko kitu kingine chochote kilichokuwa kimenibakia kutaka. Mtoto amebeba vipimo juani miaka sita, amelala kwenye mahema, amegombana na wenye mashamba na mbwa wao, leo apewe reli nzima halafu aiache ili aje kunipashia moto mchuzi? Hapana. Kwa hiyo usidhani niliifanyia okidi mzaha. Niliitunza kwa nguvu zangu zote, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Binti alikuwa ameniambia maji kidogo, mara moja kwa wiki. Sasa kidogo ni kiasi gani? Mimi ni fundi, nimezoea kupima. Wiki ya kwanza nilitumia bomba la sindano kutoka kliniki, mililita thelathini, nikaandika kwenye karatasi. Wiki ya pili nikaona huruma. Kuna joto, dirisha linapigwa na jua, kiumbe cha watu kinanitazama. Nikaongeza. Baada ya mwezi nilikuwa naimwagilia asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi, na siku nikimkumbuka marehemu mke wangu zaidi ya kawaida, naongeza kikombe kingine, maana nilikuwa nimekosa wa kumkarimu. Okidi ilikuwa kwenye kikopo cha plastiki, na kikopo ndani ya chungu kizuri cha udongo kilichopakwa rangi ya bluu. Chungu kile hakikuwa na tundu chini. Sikuwahi kuinua kikopo kuchungulia. Fundi wa miaka thelathini na miwili, anayeona ufa mwembamba kama unywele kwenye jino, hakuwahi kutazama chini ya ua.

Wiki ya tisa, Jumamosi, nikakuta ua moja sakafuni.

Binti yangu hupiga simu ya video kila Jumapili mchana, na kila Jumapili huomba kuiona okidi. Nililiokota lile ua, nikalishika mkononi, nikahisi kabisa reli inang'olewa, mataruma na misumari yake yote. Halafu nikafanya alichozoea mkono wangu kufanya kitu kikidondoka mahali pake. Nikaenda kwenye sanduku la kazi, nikachukua waya wa kufungia meno na nta kidogo, nikalirudisha. Likakaa. Jumapili binti akaliona akasema limependeza. Nikamwambia si unaujua mkono wangu.

Wiki iliyofuata yakaanguka mawili. Hadi mwezi wa tatu kwisha yalikuwa yameanguka yote, na yale niliyoyafunga yalikuwa yameanza kunywea na kuwa ya kahawia. Mtu mwenye akili timamu angepiga simu akasema, mwanangu, maua yameanguka. Mimi nilikwenda kazini.

Naomba usicheke mpaka nimalize kueleza, kwa sababu kifundi ile kazi haikuwa na dosari. Nilichukua ua moja lililokuwa na nafuu, nikalizamisha kwenye jasi laini, nikapata umbo lake mpaka vikunjo vya ndani. Nikamimina plastiki ya ufizi, nikachemsha, nikakata, nikasugua, nikang'arisha. Sasa plastiki ya ufizi huja na vinyuzi vyekundu ndani yake, ili ufizi uonekane una damu. Na okidi ile, kama nilivyokwambia, ilikuwa na vimishipa vyekundu. Nilipolitoa la kwanza kwenye umbo nikaviona vile vinyuzi, nilisema kwa sauti, peke yangu mle chumbani, kwamba Mungu hamtupi mja wake. Nikatengeneza matano. Daktari aliingia akauliza ni meno ya nani, nikamwambia ya mteja wa mbali.

Nikayafunga dirishani kwa waya. Yalikuwa mazito kuliko ya asili, kwa hiyo shina liliinama, nami nikaongeza kijiti cha pili. Jumapili nikasimama hatua tatu nyuma na simu. Binti aliyatazama kwa muda mrefu kidogo. Akasema, bado matano? Nikasema bado matano, na nikaongeza chumvi kwamba naona kama la sita liko njiani.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliifanyia ukarabati kila wiki. Tatizo ni majani. Jani huwezi kulitengeneza kwa plastiki ya ufizi, rangi haipo. Mwezi wa tano ulipoingia, jani la chini likawa njano, likafuata la pili, na yale mawili ya juu yakalegea, yakajikunja kama ngozi ya kidole kilichokaa majini. Chunguni kukawa na harufu. Siku ya mwisho ya kujibu ile barua ya reli ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili tu, basi, okidi ikishasimama siku hizo, ife salama.

Jumanne nikaitia kwenye boksi la meno, boksi kubwa, nikaipeleka kwa muuza maua wa sokoni. Ni mwanamke wa makamo, mikono yake imejaa mikwaruzo, hana maneno mengi. Nilikuwa nimeyang'oa maua yangu kabla ya kutoka nyumbani, nikasahau moja nyuma ya kijiti. Akaliona. Akaligonga kwa ukucha, likalia tok. Akaligonga tena, nadhani ili nisikie vizuri. Sikumweleza, hakuniuliza.

Nikamwuliza lile lililonipeleka: je, niihamishe kwenye chungu kingine, nibadilishe na udongo, au niiache? Kwanza akanisahihisha, kwamba okidi hii haikai kwenye udongo, inakaa kwenye vipande vya magome ya mti. Miezi mitano nilikuwa nasema udongo. Kisha akabonyeza jani, akanusa, akaniambia kwamba mmea uliochoka hivi, ukiuhamisha unaweza kufa ndani ya wiki, maana utakuwa umeusumbua ukiwa hauna nguvu. Usipouhamisha utabaki hivihivi wiki tatu, pengine nne, halafu utakufa bila shaka.

"Sasa wewe mzee unataka ipone," akasema, "au unataka isimame tu?"

Nikamwambia nitafikiria. Nikanunua mfuko wa magome na kikopo kipya chenye matundu, si kwamba nilikuwa nimeamua, ila sikupenda alivyokuwa ananitazama.

Siku tatu ule mfuko ulikaa juu ya meza ya chakula, na mimi nikila nimesimama jikoni ili nisikae nao meza moja. Kila asubuhi niliamua. Jumatano niliamua kuihamisha, nikavaa hata glavu, halafu nikapiga hesabu: ikifa ndani ya wiki, binti ataiona imekufa kabla hajasaini. Nikavua glavu. Alhamisi niliamua kuiacha, nikajisikia mtu wa busara, mpaka niliporudi jioni nikakuta jani la tatu limelala. Ijumaa niliamua kwamba uamuzi ni wa Jumamosi. Mtu angenipita dirishani siku hizo angeona mzee ameshika mkasi mbele ya chungu, hakati, hauweki chini.

Jumamosi akaja shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Ni mpishi wa shule, anapikia watoto mia nne, na sauti yake imekaa kihivyo. Tangu nimuoe dada yake sisi ni watu wa utani. Alisema siku ya posa kwamba dada yake ameokota mwiko usio na mpini, na mpaka leo hajafuta kauli. Kila Jumamosi huja na chakula kwenye bakuli la mfuniko, hukagua friji, hunisema, huondoka. Siku hiyo hakufika kwenye friji. Alisimama mlangoni akavuta pumzi kwa pua.

"Shemeji, nini kimeoza humu?"

Nikajitia hamnazo. Akaifuata harufu moja kwa moja hadi dirishani, akakishika kile kikopo cha ndani akakiinua, kitu ambacho mimi sikukifanya kwa miezi mitano. Chini yake kulikuwa na maji yenye rangi ya chai, yamejaa karibu nusu ya chungu. Akauliza kama nafuga samaki. Kisha akaona maua, maana nilikuwa nimeyarudisha yote matano tayari kwa Jumapili, akaligusa moja, akalivuta, likatoka na waya wake.

Sijapata kumwona akicheka vile tangu msiba. Alikaa kwenye kochi, akashika tumbo, akaniuliza kama maua yanavuliwa usiku yakawekwa kwenye glasi ya maji. Akaniuliza kama yanauma. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sebule na uso umenishuka, lakini moyoni nilikuwa nimefurahi kidogo, maana ile nyumba ilikuwa haijasikia kicheko siku nyingi. Nikadhani nimepata mshirika. Nikakaa karibu naye nikamweleza mpango mzima: barua, siku nane zilizobaki, maneno ya muuza maua, kwamba nikiigusa inaweza kufa na nisipoigusa itasimama. Nikamwambia nimeamua, naiacha. Siku nane tu, mtoto asaini, mambo yote yatakwisha salama.

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Akawa analizungusha lile ua mkononi.

"Ndivyo tulivyomfanyia dada," akasema.

Akaunyoosha waya wa lile ua kwa kidole.

"Mimi ndiye niliyekuwa napanga ile mito, shemeji. Wewe unashika simu, mimi napanga mito. Sipangi tena."

Akaliweka ua juu ya meza, akachukua mkoba wake, akaenda. Bakuli la chakula aliliacha mlangoni, ndipo nikajua hakuondoka kwa hasira.

Sasa lazima nieleze hilo la mito, ingawa ningependa zaidi tuendelee kunicheka. Mke wangu aliumwa wiki saba. Binti yetu alikuwa kwenye mitihani ya leseni ya upimaji, ile ambayo ukishindwa unangoja miaka miwili. Mke wangu akasema mtoto asisumbuliwe. Tukakubaliana. Kila Jumapili mchana tulimvisha gauni lake la bluu, shemeji akampangia mito mitatu mgongoni, mimi nikasimama hatua tatu nyuma na simu, mahali ambapo mwanga haukuonyesha mifupa ya shingo. Naye alikuwa anasema, "Sijambo, mwanangu, nimechoka tu kidogo." Wiki saba. Binti alimaliza mtihani wa mwisho Ijumaa, nikampigia, akafika Jumamosi. Mama yake alikuwa hai bado, lakini alikuwa hasemi. Wakashikana mikono siku mbili. Binti hakunilaumu hata siku moja, wala kunisamehe hakunisamehe, kwa sababu hatukuwahi kulizungumza. Nilidhani limepita.

Nilikaa mbele ya ile okidi nikaona nilivyosimama miezi hii yote na simu yangu, hatua zilezile tatu. Niliona aibu. Si aibu ya kuchekwa, hiyo naiweza, nimeishi nayo. Ni ile nyingine.

La kuvunda halina ubani. Nikafungua waya mmoja mmoja, nikayatoa maua yote, nikayapanga mezani. Shina likabaki kijiti kitupu. Kisha nikampigia binti, saa tisa mchana, Jumamosi, siku ambayo hatupigiani. Alipokea kabla haijalia mara mbili.

"Baba, kuna nini?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Halafu nikaona hilo nalo si kweli sana, nikaigeuza simu, nikaisogeza karibu, nikamwonyesha: shina tupu, jani moja na nusu, kikopo, maji ya chai. Nikamwonyesha maua mezani. Nikamwambia yametengenezwa kwa plastiki ya ufizi, ya asili yalianguka zamani, nimekudanganya karibu miezi mitatu, mwanangu, na mmea wenyewe unaoza kwa sababu niliujaza maji kama mtu anayesuuza ndoo.



"La kwanza lilianguka lini?" akauliza.

"Wiki ya tisa."

"Baba, okidi zote huangusha maua. Hata uitunze vipi. Miezi miwili, mitatu, yanaanguka, inapumzika, mwakani inatoa mengine. Muuzaji aliniambia siku niliyoinunua."

Nilikaa chini, sakafuni, kwa sababu kiti kilikuwa mbali. Nikamwuliza kama ulikuwa mtego.

Akasema haukuwa mtego. Alidhani la kwanza likianguka nitampigia siku ileile, nimechanganyikiwa, nikilia kwamba nimeua ua lake, naye anieleze, tucheke wote. Alikuwa ameshaanza kusubiri hiyo simu. Wiki ya tisa haikuja, ya kumi haikuja. Alipoona mwezi wa nne umefika na bado ni matano, na yanang'aa kama yametoka kuoshwa, alizima simu akaandika barua ya kuikataa kazi.

"Iko hapa mezani," akasema. "Nilikuwa niitume Jumatatu. Nitakuwa ndege mbili kutoka hapo, wewe uniambie hujambo, nikuamini vipi? Mama aliniambia hajambo mpaka Jumapili ya mwisho. Nyote wawili mliniambia."

Basi ndivyo hali ilivyokuwa. Miezi miwili ya jasi na nta na kung'arisha, kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilikuwa ninaitengeneza ileile barua niliyokuwa naikimbia. Samaki hukaangwa kwa mafuta yake. Mimi niliyakamua mwenyewe, nikawasha na jiko.

Nilichokuwa nacho ni mfuko wa magome. Nikamwambia naihamisha sasa hivi, kama anataka atazame, na inaweza kufa. Akasema anatazama. Nikaegemeza simu kwenye bakuli la shemeji, nikavaa glavu, nikachemsha mkasi na kisu kidogo cha kazini kwa dakika kumi, angalau hilo nalijua. Nikakikata kikopo cha zamani. Mizizi ilikuwa kumi na minne. Niliihesabu kwa sauti, mmoja mmoja, nikiibonyeza: huu laini, huu umekuwa maji, huu umebaki ganda. Kila uliooza niliukata nikauinua mbele ya simu aone. Mara mbili mkono ulisita, nikataka kumwambia huu una nafuu ilhali hauna nafuu, nikaukata. Mwishowe nikamwonyesha iliyobaki.

"Mitatu," nikasema.

"Itapona?"

"Sijui."

Nadhani hilo neno lilikuwa geni kinywani mwangu, maana alisogea karibu na simu. Nikaisimamisha okidi kwenye kikopo kipya, nikamimina magome taratibu kuizunguka, nikagongagonga pembeni yashuke. Ilikuwa kitu cha kusikitisha, jani moja na nusu na kijiti. Mikono yangu ilikuwa haina kazi tena.

"Na wewe, Baba?" akasema. "Si ua. Wewe."

Jibu nililokuwa nalo tayari lilikuwa limekwishafika kwenye meno. Nikalimeza. Nikamwambia silali kitandani, nalala kwenye kochi, kwa sababu upande wa mama yake uko baridi na siwezi kuugeukia. Nikamwambia siku za kazi ni nafuu, lakini saa kumi na moja jioni ikifika nikishika ufunguo mlangoni natamani kurudi kliniki nikakae na meno ya watu. Nikamwambia goti la kushoto linavimba na sijamwona daktari yeyote, ingawa ninafanya kazi kwa mmoja. Nikamwambia lile la mito ni kosa langu, mama yake aliomba lakini mimi ndiye niliyeshika simu, na kwamba najuta kila siku ya Mungu kumnyima zile wiki saba. Nikamwambia ninamkumbuka mama yake mpaka nashindwa kupumua. Halafu nikamwambia kwamba pamoja na yote hayo namwomba aende, na hapo nikajua nimeharibu. Baba gani anajianika hivyo halafu anamwambia mtoto nenda?

Alikuwa anafuta macho kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akifanya utotoni.

"Sasa naweza kwenda," akasema.

Nikadhani sikuelewa. Nikamwuliza: nilipokwambia nina maua matano hukutaka kwenda, leo nakwambia nina goti bovu na nalala kwenye kochi ndiyo unakwenda?

"Ndiyo, kwa sababu umeniambia."

Nilitaka kujibu kitu cha kibaba, kitu cha kumtia moyo, chenye methali ndani yake. Nilifungua mdomo kikatoka kilio, kilio cha mtu mzima chenye kamasi, glavu zimejaa uozo hata uso siwezi kuufuta. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye simu ili niigeuze asinione. Nikaurudisha. Nikalia pale sakafuni mbele yake, naye akakaa akanitazama mpaka nilipomaliza.